MITI ILIYOTAFUTA MFALME
Mafundisho juu ya kuchagua chama cha siasa

Masomo: Waamuzi 9:1-21, Yoshua 5:13-15, Kutoka 18:13-23



Mama mmoja wa parokia yetu, muuzaji wa samaki wakavu sokoni hapa Kindu, alikuja kuniona juma moja mbele ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023. Mkononi alikuwa na karatasi aliyoikata katika daftari ya mtoto wake. Alikuwa ameandika majina ya vyama vinne. Chini ya kila jina aliandika mambo mawili: jambo analolipenda na jambo linalomchoma moyo. Chama cha kwanza kilisema vizuri juu ya barabara, lakini mtu wake wa hapa anajulikana kwa kula feza ya watu. Cha pili kilisema vizuri juu ya masomo ya watoto, lakini vijana wake walikuwa wakiimba nyimbo za kutukana kabila la jirani zake. Cha tatu mgombea wake ni mwema, lakini chama chenyewe hakijulikani kinataka nini. Cha nne ni chama cha ukoo wa mume wake, na hiyo ndiyo sifa yake peke yake.

Akaniambia: «Baba mchungaji, vyama ni vinne na hakuna hata kimoja kinachofanana na moyo wangu. Nikichagua kimoja, nitakuwa nimesema ndiyo kwa mambo ambayo Mungu anayachukia. Nikikaa nyumbani, wengine watanichagulia. Nifanye nini?»

Nilimwambia tuombe. Tukaomba. Kisha nikamwambia aende kuisoma karatasi yake tena mbele ya Mungu, na ya kuwa mimi sitamtajia chama. Aliondoka kwa heshima, lakini bila furaha. Usiku ule sikupata usingizi vizuri. Nilijua ya kuwa nilifanya vema kutomtajia chama, lakini nilifanya vibaya kumrudisha mikono mitupu. Alikuja na njaa, nami nilimpa maombi bila mkate. Basi mafundisho haya ni deni ninalomlipa. Nayaandika sasa, wakati ngoma za kampeni zimenyamaza, ili tufikiri pamoja kwa utulivu mbele ya siku nyingine kama ile kufika.

1. TULITOKA WAPI

Wazee wetu wanakumbuka siku ambazo shida hii haikuwako. Chama cha MPR kilianzishwa mwaka 1967, na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1974 yalikifanya kuwa taasisi ya pekee ya inchi. Kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama. Mtoto alizaliwa, na mbele hajabatizwa, mbele hata hajapewa jina, alikuwa tayari mtu wa chama. Hakuna aliyemwuliza kama chama kinafanana na moyo wake. Tulicheza, tulipiga makofi, tulienda salongo, na moyo tuliuacha nyumbani.

Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Siku ile alisema vyama vitatu tu. Baadaye mlango ulifunguliwa zaidi, na wakati wa Konferansi ya Kitaifa, kati ya 1991 na 1992, vyama vilikuwa mamia. Vingine vilikuwa vya watu waliotaka kweli kuponya inchi. Vingine watu waliviita vyama vya chakula, kwa maana vilizaliwa siku ya kugawa feza na kufa siku feza ilipokwisha. Lakini msisahau bei. Tarehe 16 Februari 1992, wakristo wa Kinshasa walitembea barabarani wakiomba Konferansi ifunguliwe tena. Walikuwa na Biblia na rozari mikononi. Askari waliwapiga risasi, na watu walikufa.

Mwaka 2006, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini, tuliona wagombea uraisi 33 kwenye karatasi moja, na watu zaidi ya 9,000 waliotaka viti 500 vya bunge. Mwaka 2023 hesabu ya vyama vilivyoandikwa kwa serikali ilipita 900. Tazameni safari hiyo, wapendwa: kutoka chama kimoja hadi zaidi ya 900, na bado mama wa samaki haoni cha kwake! Kwa hiyo shida haitamalizwa na kuongeza chama kimoja tena. Hata vikifika elfu mbili, hakuna kitakachofanana na moyo wako kama uso wako unavyofanana na kioo. Chama ni watu wengi waliokubaliana mambo machache. Mtu anayetaka chama kinachofanana naye katika yote, atafute chama chenye mwanachama mmoja.

2. MITI MIZURI ILIYOKATAA

Sasa fungueni Waamuzi 9. Watu wengi wanakumbuka mfano wa miti, lakini wanasahau habari inayoutangulia. Tuanzie hapo.

Abimeleki, mtoto wa Gideoni, alitaka utawala. Alifanya nini? Kwanza alikwenda kwa wajomba zake huko Shekemu, akawakumbusha ya kuwa yeye ni wa damu yao, mfupa na nyama yao. Hakuwaambia atawafanyia nini. Aliwaambia tu yeye ni mtoto wa nani. Pili, walimpa vipande sabini vya feza kutoka katika hekalu la sanamu yao. Tatu, kwa feza hiyo aliajiri vijana wasiokuwa na kazi, wakamfuata. Nne, aliua ndugu zake juu ya jiwe moja. Kabila, feza, vijana wa bure, damu. Ndugu zangu, habari hii ina miaka zaidi ya elfu tatu, lakini mtu akiisoma kwa sauti sokoni, watu watafikiri anasimulia kampeni ya juma liliopita.

Yothamu, mtoto mdogo aliyepona, alisimama juu ya mlima Gerizimu akawapigia mfano. Miti ilitaka mfalme. Ilimwendea mzeituni, mzeituni ukasema hauwezi kuacha mafuta yake. Ilimwendea mtini, ukasema hauwezi kuacha utamu wake. Ilimwendea mzabibu, nao ukasema hauwezi kuacha divai yake. Mwishoni ilimwendea mti wa miiba, ambao hauna mafuta, hauna utamu, hauna divai, hata kivuli hauna. Huo ulikubali mara moja! Nao ukaialika miti yote kuja kupumzika katika kivuli chake, na kuitisha ya kuwa moto utatoka ndani yake ukikataliwa.

Mimi kwa muda mrefu nilihubiri mfano huu juu ya ubaya wa mti wa miiba. Leo nataka muitazame ile miti mitatu mizuri. Sababu zao zilikuwa nzuri. Mafuta ni mazuri, tini ni nzuri, divai ni nzuri. Hakuna aliyesema uongo. Kila mti ulilinda utakatifu wake. Lakini kiti hakikubaki wazi. Mti wa miiba haukuiba kiti, uliachiwa.

Kati yetu kuna wengi wa namna hii. Mmoja anasema: «Mimi ni mwimbaji wa kwaya, siasa ni uchafu.» Mwingine anasema: «Mimi ni mwalimu, sitaki jina langu liharibike.» Mwingine anasema: «Nimesoma mipango yao yote, hakuna unaonitosha, basi nakaa.» Mafuta, tini na divai. Na siku ya kuhesabu kura tunalia ya kuwa miiba imetawala.

Wengine wanasema: «Lakini Tata Simon Kimbangu hakuwa na chama, naye alitikisa inchi.» Ni kweli. Alikamatwa Septemba 1921, akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, naye alikufa gerezani Élisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Lakini fikirini vizuri. Katika mwaka 1921 Mkongo gani alikuwa na kura? Hakuna. Kura za kwanza za Wakongo zilikuwa zile za mitaa ya miji michache mwaka 1957, miaka sita nyuma ya kifo chake. Yeye hakukataa kuchagua, alinyimwa. Tusichukue mateso ya mtu aliyenyimwa na kuyafanya kuwa udhuru wa uvivu wa mtu aliyepewa.

Na kama mnataka kujua kura ina uzito gani, waulizeni watu wa Beni. Mwaka 2018 waliambiwa ya kuwa hawatapiga kura ya raisi pamoja na wengine, kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Tarehe 30 Desemba walijipanga mistari wao wenyewe, wakapiga kura ya mfano, ingawa walijua haitahesabiwa. Mtu hajipangi mstari kwa ajili ya kitu kisicho na thamani.

3. MUNGU HANA KADI YA CHAMA

Sasa naogopa mtu atanisikia vibaya, akimbie kesho kuvaa kofia ya chama na kusema mchungaji amesema. Ngoja kwanza. Fungua Yoshua 5.

Yoshua alikuwa karibu na Yeriko. Aliona mtu amesimama na upanga mkononi. Akamwuliza swali ambalo sisi wote tunauliza wakati wa kampeni: wewe ni wetu au ni wa adui zetu? Yule mtu hakukubali upande wowote. Alijibu ya kuwa amekuja kama jemadari wa jeshi la Bwana. Ndipo Yoshua akaanguka uso mpaka inchi, akavua viatu.

Ona: Yoshua alikuwa na kazi aliyopewa na Mungu mwenyewe, na hata hivyo Mungu hakujiandikisha katika jeshi la Yoshua. Basi chama gani cha Kongo kitathubutu kusema Mungu ni wake? Mgombea akisimama na kusema ya kuwa nabii fulani ameona jina lake katika ndoto, au ya kuwa kumpinga yeye ni kumpinga Roho, mjue ya kuwa anataka kulichukua jina la Mungu bure na kulifanya bango la kampeni.

Chama ni kama mtumbwi wa kuvuka Lualaba, kutoka Kasuku hadi Alunguli. Ninapofika kwenye maji, siulizi ni mtumbwi upi utakaokuwa nyumba yangu. Nauliza: unaelekea ng'ambo ile ninayoitaka? Una matundu mangapi? Mwenye kupiga kasia amelewa au ana akili? Hakuna mtumbwi usioingiza maji kidogo. Unapanda ukiwa na kopo mkononi, na njiani unachota maji na kuyatupa. Lakini mtumbwi uliopasuka katikati haupandi, hata kama mwenyewe ni shemeji yako. Na ukifika ng'ambo, unashuka. Hakuna mtu anayesujudia mtumbwi.

Hapa ndipo jibu la swali la mama linapoanzia. Alifikiri kuchagua chama ni kukiri imani, kama tunavyokiri mbele ya ubatizo. Sivyo. Imani tunampa Mungu peke yake, yote, bila kupunguza. Chama tunakipa kazi, kwa muda, kwa masharti. Anayekipa chama imani atakuwa mtumwa wake. Anayekataa kukipa hata kazi ataacha miiba itawale.

4. VIKAPU VIWILI

Basi tufanye namna gani? Yetro, mkwe wa Musa, alimpa Musa shauri katika Kutoka 18: achague watu wenye uwezo, wanaomwogopa Mungu, watu wa kweli, wanaochukia faida ya udanganyifu. Ona kwamba Yetro hakusema watu wasiokuwa na kosa. Angesema hivyo, Musa angekuwa angali anatafuta mpaka leo.

Chukua mambo yako yote uyaweke katika vikapu viwili.

Katika kikapu cha kwanza weka mambo yasiyouzwa. Ni machache. La kwanza, damu: chama kinachotuma vijana kupiga, kinachoficha silaha, kinachofurahia maiti za upande mwingine. La pili, kabila: chama kinachosema fulani si mtu wa hapa, afukuzwe. Kumbukeni mwaka 1960. Katika uchaguzi wa Mei hakuna chama kilichofikia nusu ya viti 137 vya bunge. Lumumba alilazimika kufanya serikali na watu wa vyama vingine, na Kasavubu wa ABAKO akawa raisi. Hawakufanana, lakini walianza pamoja. Halafu mbele ya mwezi mmoja kwisha baada ya uhuru, Katanga ilijitenga, kisha Kasai ya Kusini, na damu ikamwagika. Tofauti ya mawazo haikuivunja inchi siku ya kwanza. Ilivunjika tofauti zilipovaa nguo ya kabila, na mikono ya wageni ikavuta kila upande. La tatu, wizi uliothibitika wa feza ya watu. La nne, uongo juu ya kura yenyewe. Januari 2024 tume ya uchaguzi, CENI, ilifuta kura za wagombea 82 kwa sababu ya udanganyifu na makosa mengine. Anayeiba kura ataacha kuiba nini?

Katika kikapu cha pili weka mambo mengine yote: barabara kwanza au hospitali kwanza, kodi ya soko, mamlaka ya jimbo na ya Kinshasa, namna ya kulipa walimu. Ni mambo makubwa, lakini wakristo wawili wanaweza kutokubaliana juu yake na kula meza moja ya Bwana.

Sasa anza na kikapu cha kwanza. Chama kilicho na damu au chuki ya kabila, kifute, hata kama mambo yake yote ya kikapu cha pili yanakupendeza. Mama wa samaki, chama chako cha pili kinasema vizuri juu ya masomo. Lakini nyimbo zile zitafundisha watoto haohao kumchukia jirani. Kifute. Cha kwanza, kama jambo la feza si maneno ya sokoni tu bali umelihakikisha, kifute pia. Kisha kati ya vinavyobaki, tumia kikapu cha pili, uchague kile kilicho karibu zaidi na unachokiona kuwa cha lazima. Usitafute kinachofanana nawe. Tafuta kile ambacho makosa yake unaweza kuyabeba na kuyasema kwa sauti, nacho kisikuue.

Tena angalia mtu na chama pamoja. Wengi wanasema: mimi sichagui chama, nachagua mtu. Lakini mahali penye viti vingi, kura unayompa mtu inahesabiwa pia katika orodha ya chama chake. Unaweza kumpigia kura mtu mwema, naye asifike, na kura yako ikamsaidia mwenzake ambaye usingemfungulia mlango. Kwa hiyo mgombea wa tatu, yule mwema wa chama kisichojulikana, kamwulize: mama au baba, chama chako kinataka nini, na nani yuko pamoja nawe katika orodha? Kama hana jibu, wema wake ni mafuta katika chungu kilichotoboka.

Na mtu akiniuliza: kama vyote vinne vina uchafu wa kikapu cha kwanza? Nitajibu bila kujificha. Pima ni uchafu upi unaoweza kuondolewa na ni upi utakaowafunga ninyi kinywa kesho. Mtawala anayeweza kuambiwa hapana ni bora kuliko mtawala anayeua anayesema hapana. Kama hata hapo dhamiri yako inakataa kabisa, weka karatasi nyeupe, na kanisa lisikuhukumu. Lakini iwe baada ya kufunga na kuuliza na kusoma, isiwe kwa sababu mstari ulikuwa mrefu.

5. MANJANJA YA KANISA

Ninayewafundisha haya sikuyajua tangu mwanzo. Katika kampeni ya mwaka 2011 mgombea mmoja alikuja kwetu. Paa la kanisa lilikuwa linavuja. Alitoa manjanja arobaini, na vikwembe kwa mama wa kwaya, vyenye uso wake kifuani. Nami nilimpa madhabahu. Alisema dakika ishirini, na watu wakapiga makofi ndani ya nyumba ya Mungu.

Kulikuwa na ndugu mmoja, shemasi, aliyekuwa katika chama kingine. Siku ile alisimama polepole, akachukua watoto wake mkono kwa mkono, akatoka. Sikumfuata. Nilisema moyoni: ana wivu. Miaka miwili baadaye baba yake alikufa. Tulikwenda kwenye matanga, sisi wote, na kwaya. Alitupokea vizuri, lakini hakuna aliyetuletea viti. Tulisimama kwenye jua mpaka tukamaliza kuimba. Hakututukana. Alitufanyia tu kama tulivyomfanyia: alituonyesha ya kuwa nyumba ile haikuwa na nafasi yetu.

Nilikwenda peke yangu siku nyingine kumwomba musamaha, na Mungu alisaidia. Lakini manjanja yale yako juu mpaka leo. Mvua ikinyesha wakati wa ibada, ninyi mnasikia mvua. Mimi nasikia vipande sabini vya feza.

Kwa hiyo nasema: mwanachama wa kila chama ana nafasi katika kanisa, na hakuna chama chenye nafasi juu ya madhabahu. Kofia na kikwembe cha chama vibaki mlangoni. Mgombea akileta zawadi kwa kanisa wakati wa kampeni, tumrudishie kwa heshima na tumwombee. Na ninyi mume na mke mliochagua vyama mbalimbali, ugali wenu uwe mmoja. Kura ni ya siri kwa sheria. Asiwepo mume wa kumwomba mke aonyeshe.

6. NYUMA YA KURA

Wengi wetu tunapiga kura kama mtu anayetupa jiwe mtoni: likizama, habari imekwisha. Sivyo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inampa kila Mkongo mwenye haki zake za kiraia na za kisiasa haki ya kuingia katika chama anachokichagua mwenyewe, na inasema ya kuwa kuanzisha chama kimoja cha lazima ni uhaini mkubwa. Basi kama una haki ya kuingia, una haki ya kutoka, na zaidi ya yote una haki ya kubaki na kusema.

Tuliona mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 jinsi wingi wa bunge ulivyohama kutoka FCC kwenda Union sacrée, na hakuna mpiga kura aliyeulizwa. Mimi sihukumu hapa nani alikuwa na haki. Nasema tu: chama ulichokipa kazi kinaweza kugeuka njiani. Usipokitazama, utaamka ng'ambo usiyoijua. Mbunge wako akirudi likizo, mwendee na karatasi yako. Mwulize yale ya kikapu cha pili: barabara iko wapi? Na akianza kugusa ya kikapu cha kwanza, mwache, hata kama jana ulimwimbia. Kumwacha mtu aliyeacha haki si usaliti.

Abimeleki alitawala miaka mitatu tu. Moto uliotabiriwa ulitoka kweli: aliwateketeza walewale wa Shekemu waliompa feza, na wao walimsaliti yeye. Mwisho wake ulifika Tebesi, kwa mkono wa mwanamke ambaye Biblia haisemi hata jina lake, aliyekuwa na jiwe la kusagia tu. Mama zangu, sisemi mtupe mawe! Nasema Mungu hakumdharau mama wa jikoni na kifaa chake. Wewe kifaa chako ni kalamu na karatasi ya daftari ya mtoto, iliyoandikwa mema na mabaya ya vyama vinne. Siku ile niliiona karatasi hiyo kama alama ya mashaka. Leo naiona kama sala. Ungekuwa na kila mpiga kura wa Maniema anayekuja na karatasi kama ile, wagombea wangeogopa.

Baadaye mama yule aliniambia alikwenda kupiga kura, alisimama tangu asubuhi mpaka jua kuchwa. Hakuniambia alimpa nani, nami sikuuliza. Aliniambia tu: «Baba, nilichagua huku nikiwa na huzuni.» Ndugu zangu, nafikiri huzuni ile inampendeza Mungu kuliko furaha ya wale waliocheza na kikwembe kipya. Ni huzuni ya mtu anayejua ya kuwa Ufalme haujafika bado, naye hata hivyo anafanya kazi yake ya siku.

Tuombe.

Bwana Mungu wa babu zetu, ulisikia kilio chetu chini ya wageni na chini ya chama kimoja. Utupe macho ya kuuona mti wa miiba mbele haujapata kiti. Utuondolee kiburi cha mzeituni, mtini na mzabibu. Wape amani ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru, ambao vita viliwanyima kura mwaka 2023, na wote waliokimbia nyumba zao. Walinde vijana wetu wasinunuliwe. Linda kanisa lako, lisiuze madhabahu kwa manjanja. Na sisi tunaochagua kwa huzuni, utupe uaminifu wa kukesha mpaka utawala wako ufike. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.